Waasi waliochoma vijiji Cabo Delgado, Msumbiji, Mahakama ya Kimataifa ya Uhalifu (ICC) inawaangalia tu?

Mwana_Shangani: Wakuu habari. Niko Mtwara mjini, mtaani kwetu kuna watu walikimbia toka ng'ambo, mmoja nduguze walichinjwa Palma ile Machi 2021. Swali langu, mbona ICC haijamgusa mtu wa kule? Kongo wamefungwa, Uganda kamanda wa waasi Ongwen kapigwa miaka 25, Msumbiji kimya. Na si kulikuwa na mahakama kubwa tu Arusha, kwa nini wasipelekwe pale?

Korosho_Ghafi: Ile ya Arusha ilikuwa ya Rwanda tu mkuu, Baraza la Usalama iliiunda 1994 ikashtaki watu 93 ikafungwa 2015, Cabo Delgado haiwahusu hata uwapelekee ushahidi gunia zima. ICC nayo, Msumbiji walisaini Mkataba wa Roma, ule ulioiunda ICC, mwaka 2000 wakauacha kabatini, hawajauridhia.

Mama Chikongola: Sasa na kijiji cha Kitaya, huku Mtwara, je?? Oktoba 2020 walivuka Ruvuma wakaua watu huku kwetu, hii sio Msumbiji jamani

Korosho_Ghafi: Hapo umegusa penyewe dada. Sisi tuliridhia 2002, kwa hiyo ya Kitaya yametokea kwenye ardhi ambayo ICC ina mamlaka, na hata kijana wa Kitanzania aliyevuka kwenda kujiunga nao anaweza kushtakiwa kwa aliyoyafanya kulekule, uraia wake unamfuata. Ila ICC wanachukua makosa makubwa makubwa tena pale nchi yenyewe ikishindwa au isipotaka kushtaki, kwa hiyo usitegemee kesho.

mvuvi_wa_msimbati: Mnasema waasi tu. Ripoti ya shirika la haki za binadamu la Amnesty ya 2021 iligusa pande tatu, waasi, wanajeshi wa serikali na mamluki wa kampuni ya Afrika Kusini waliokuwa na helikopta. Mimi nadhani ndo maana Maputo hawana haraka ya kuridhia, nani ajipeleke mwenyewe. Wangetaka wangetoa tamko la kuikubali mahakama hata kwa yaliyopita, Ivory Coast walifanya hivyo 2003 na kuridhia wakaja kuridhia 2013

Mwana_Shangani: Asanteni. Sasa huyu jirani, aliyoyaona ni ya Palma ila yeye yuko Mtwara, akaandikishe wapi, polisi?

mvuvi_wa_msimbati: Polisi wataanza na kibali cha kuishi. Aandike daftarini majina na tarehe akiwa bado anakumbuka, makosa ya vita kwa ICC hayaozi.