Naomba ushauri: kichocho kinarudi baada ya dawa

Asalaam aleykum. Nawauliza hasa mnaofanya kazi za afya mashehiani huku Pemba. Watoto wanamezeshwa dawa ya kichocho, halafu baada ya miezi wanakojoa damu tena.

Sababu si dawa kuwa mbovu. Dawa yenyewe, prazikwanteli, miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito, huua minyoo ya kichocho iliyokomaa, michanga husalimika. Na mtoto akiingia tena mtoni, anaanza upya: vijidudu vinavyotoka kwenye konokono hupenya ngozi kwa dakika chache tu, wala havihitaji kidonda.

Tabu ni saa. Konokono humwaga vijidudu kwa wingi jua likiwa kali, na ndipo watoto wanapotoka skuli kwenda kuoga. Mkojo wa mgonjwa nao hutoa mayai mengi zaidi ya minyoo hiyo baina ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana (ndiyo maana vipimo huchukuliwa muda huo). Mtoto mmoja mwenye kichocho akikojolea majini wakati huo, konokono huambukizwa upya, na kazi yote imeharibika.

Maji ya kuogea yakichotwa na kuwekwa siku 2 kamili bila konokono ndani, vijidudu hufa. Lakini nani ana mapipa ya kutosha?

Naomba mnisaidie: mliwazuiaje watoto mchana bila bakora? Choo karibu na mto kilisaidia, au walikipita tu? Na akina mama wa mabonde ya mpunga, wanaoshinda majini, mliwapimaje?