Nina milioni 6.8 za kumjengea mama chumba na choo, fundi anasema 9.5. Nipangeje?

Mwalimu wa Chanika:

Wakuu, habari za jioni. Mnivumilie nieleze kwa urefu, nikifupisha mtanishauri kwa kubahatisha.

Mama yangu alianguka mwezi wa tano huko Korogwe, akavunjika nyonga. Alifanyiwa upasuaji na namshukuru Mungu anatembea, ila kwa ile fremu ya chuma ya miguu minne. Yuko kwa dada yangu, na choo cha kwa dada kiko nje, unashuka ngazi tatu. Dada humshika kiuno kila anapokwenda, usiku na mchana. Desemba shule zikifungwa nataka nikamchukue, aje akae kwangu moja kwa moja.

Nyumba yangu ina vyumba vitatu, sebule na jiko. Choo ni kimoja, cha kuchuchumaa, na mlango wake ni sentimita 70. Nilimpigia dada aipime ile fremu, akaniambia 64. Itapita, lakini mikono ya mama itakwaruza ukutani.

Wazo langu ni kuongeza ubavuni chumba cha futi 12 kwa 12 na choo chake cha kukaa. Fundi alikuja Jumamosi, akahesabu hatua, futi hakuitoa mfukoni. Akasema: "Milioni tisa na nusu, mwalimu, nakukabidhi funguo." Nilipombana kuhusu saruji akasema mifuko 40 hivi. Huku kwetu mfuko nanunua 16,500 na tofali la inchi 6 ni 1,300. Benki nina 6,800,000, na nikijibana naweza kuweka 350,000 kwa mwezi. Mwenzangu kazini ananihimiza nikope hiyo iliyopungua nimalize mara moja.

Kinachonitisha ni jiko nililoongeza 2021. Nilipanga 1,900,000, likaisha kwa 3,150,000. Daftari la matumizi ninalo hadi leo, na hakuna kitu kimoja kikubwa kilichonipiga. Ni misumari, maji ya kununua, bodaboda ya kufuata fundi bomba, chakula cha vijana, na mifuko sita ya saruji iliyogandia varanda kwa sababu mvua iliwahi na mimi niliishusha yote siku moja. Pale jiko lilipoungana na nyumba kuna ufa, sarafu ya shilingi 200 inaingia. Sitaki kurudia hayo kwa chumba cha mama.

Naomba kujua: hiyo 9.5 ni ya kweli? Na nikope, au nijenge mpaka lenta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha, nisubiri?

Fundi Tandika:

Mwalimu, pole kwa mama. Niko kwenye ujenzi tangu 1994, nitakwambia yale ninayoyaona kila siku kwenye hizi kazi za kuongeza.

Watu wanahesabu tofali, paa wanalisahau. Paa ndilo linalokula hela. Hebu pima kutoka sakafuni mpaka mwisho wa bati la ubavuni, mara nyingi ni mita 2.7 hivi. Chumba chako kinatoka nje mita 3.6. Ukitaka bati liendelee kushuka kwa mteremko wa kumwaga maji vizuri, litashuka karibu mita nzima, na ukuta wa nje utabaki mita 1.7. Hapo mtu mzima anapiga kichwa kwenye kenchi, zile mbao zinazobeba bati. Kwa hiyo fundi atalazimika kupandisha paa jipya liingie kwenye la zamani, na pale yanapokutana panatakiwa vale, lile bonde la bati la kukusanya maji. Vale ikifungwa vibaya, kila masika unaweka ndoo kitandani. Muulize fundi wako kama ameihesabu.

Ufa wa jikoni ninaujua bila kuuona. Nyumba ya zamani imeshatulia ardhini, msingi mpya ndiyo kwanza unaanza kukaa. Uchimbe ufikie kina kilekile cha msingi wa zamani, na penye muungano simamisha nguzo ya zege, nondo zake zichomekwe kwenye ukuta wa zamani. Wengi wanagusanisha tofali kwa tofali na kuziba kwa plasta.

Na saruji usishushe yote siku moja. Nunua ya wiki, iweke juu ya mbao, mbali na ukuta.

Mkadiriaji Majenzi:

Nimeifanyia hesabu ramani yako kwa bei ulizotaja, nikachukua chumba mita 3.6 kwa 3.6 na choo cha mita 1.5 kando yake. Tofali ni kama 650 pamoja na za msingi zinazolazwa na zitakazovunjika. Saruji haiwi 40, inakaribia 58: kuna zege la msingi, jamvi (zege la chini ya sakafu), lenta, mchanganyiko wa saruji na mchanga wa kujengea tofali, plasta ndani na nje, na sakafu. Nikaweka paa lenye vale kama alivyosema fundi hapo juu, milango, madirisha na grili, mabomba, umeme, vigae vya choo, rampu (njia ya mteremko badala ya ngazi) na ufundi. Imenijia 9,760,000. Kwa hiyo fundi wako hakukupandishia bei, ila hakuweka akiba hata shilingi.

Kwenye nyumba mpya asilimia 10 ya dharura huwa inatosha. Kwenye nyumba ya zamani mimi siweki chini ya 15, kwa sababu hujui kilichojificha mpaka uvunje. Ongeza hiyo, inakuwa kama 11,224,000. Wewe hadi Desemba, ukianza kuweka mwezi huu, utakuwa na 8,200,000.

Sishauri ukope. Mkopo ukiingia kwenye jengo ambalo halijafika mwisho, makato yanaanza wakati mvua inanyeshea kuta. Na fundi usimpe hela ya mkupuo. Gawa kazi: msingi, kunyanyua kuta, kupaua, plasta. Amalize hatua, mkague pamoja, ndipo umlipe ya hatua hiyo. Kibali cha ujenzi pia kinahitajika hata kwa kuongeza chumba, kaulize halmashauri mapema.

Jambo la mwisho, rampu. Sakafu yako imeinuka kiasi gani kutoka chini? Kwa mtu wa fremu, kila sentimita 1 ya kupanda inataka 12 za kwenda mbele.

Mama Wawili, Morogoro:

Kaka mwalimu, nimesoma yote, na kuna mtu mmoja sijamsikia humu. Mama mwenyewe umemuuliza?

Mimi baba mkwe wangu alipopooza upande mmoja tulimjengea chumba kizuri ubavuni, kina mlango wake wa nje. Tulitumia miezi saba na hela yote ya shamba. Hakukipenda. Alikuwa anasikia sisi tunacheka sebuleni, yeye yuko peke yake na redio. Usiku akiita hatusikii. Mwisho tulimrudisha chumba cha watoto katikati ya nyumba, na watoto ndio wakahamia kile kipya, wakafurahi mno.

Vyumba vitatu unavyo tayari. Anacholala mtoto kinaweza kuwa cha mama. Kinachokosekana ni choo. Jenga choo tu, kiungane na chumba hicho. Watoto wanaweza kubanana sebuleni mwaka mzima bila madhara, mama hawezi kusubiri choo hata usiku mmoja. Nilichojifunza mimi kwa gharama kubwa ni hicho, ndiyo maana nakuandikia.

Mwalimu wa Chanika:

Shikamoo mzee wa Tandika, ahsante sana mkadiriaji, na dada wa Morogoro Mungu akubariki. Nilisoma jibu lako saa tano usiku, nikamwamsha mke wangu nikamsomea.

Asubuhi nilimpigia mama. Nilimweleza habari ya chumba kipya, akanyamaza kidogo, kisha akauliza: "Hicho chumba dirisha lake linatazama wapi?" Nikamwambia ukuta wa jirani. Akasema: "Mimi niweke ninapoona geti, nijue nani kaingia." Basi. Miezi yote hii ninapanga futi 12 kwa 12, dirisha sikuwahi kulifikiria.

Chumba cha wavulana wangu kipo kona ya mbele. Kina dirisha moja linalotazama geti na lingine la ubavuni. Mlango wake ni sentimita 80, fremu inapita vizuri. Nimepima bati la ubavuni kama mzee alivyoagiza: mita 2.75 kutoka sakafuni. Sasa naomba mnisahihishe. Choo nimekichora kitoke nje mita 1.8, urefu wake mita 2.1. Kwa upana huo bati likishuka, ukuta wa nje si utabaki na mita 2.2 na ushee, bila vale?

Sakafu nayo nimepima. Mbele imeinuka sentimita 45, ambayo kwa hesabu ya mkadiriaji ni rampu ya mita 5.4, ingekula uwanja wote mpaka kwenye mwembe. Ila mlango wa jikoni, nyuma, ardhi iko juu, tofauti ni sentimita 20 tu. Mita 2.4 inatosha. Atapitia nyuma, jikoni kwa mkwewe, na nadhani atapenda hivyo.

Fundi Tandika:

Marahaba mwanangu. Hapo sawa, mita 2.2 kwa choo inatosha, na vale huihitaji. Bati jipya lipenye vizuri chini ya lile la zamani.

Sasa nikuokolee hela. Hilo dirisha la ubavuni ndilo liwe mlango wa choo. Lenta yake ipo juu tayari, unavunja tofali za chini ya dirisha tu, kazi ya nusu siku. Ungetoboa ukuta mahali pengine, ungelazimika kutegemeza na kumwaga lenta upya. Grili na fremu ya dirisha vitoe taratibu uvitunze.

Bomba la choo litafika shimoni kwa umbali gani? Liwe la inchi 4, na kila mita 1 lishuke sentimita 2 na nusu hivi. Kabla ya kuchimba, fungua mfuniko wa shimo uone limejaa kiasi gani. Na vile vyuma vya kushikia, mwambie fundi wako kabla hajapiga plasta. Vikifungwa kwa skrubu juu ya vigae, siku mama akivivuta kwa uzito wake wote vitang'oka. Tofali za sehemu hiyo zijazwe zege.

Mwalimu wa Chanika:

Mzee, ni mita 11 mpaka shimoni, kwa hiyo bomba litashuka kama sentimita 28. Shimo nimelifungua leo na kijana wangu mkubwa, liko chini ya nusu.

Nimekaa na daftari jipya na fundi mwingine, huyu alikuja na futi. Tofali 220 ni 286,000. Saruji mifuko 24, rampu ikiwemo, 396,000. Mchanga na kokoto 360,000, nondo 90,000, paa 310,000. Choo cha kukaa, sinki, bomba na chemba mbili (vishimo vya kukagulia bomba) 780,000. Mlango wa sentimita 90 na kidirisha 330,000, vigae visivyoteleza 260,000, umeme 60,000, vyuma vya kushikia na kazi ya rampu 190,000, ufundi 750,000 utakaolipwa kwa awamu nne. Jumla 3,812,000. Na ile asilimia 15 nimeiweka, 571,800, kwenye laini ya simu ya mke wangu, ili nisiiguse kwa misumari na bodaboda. Hivyo vidogo vidogo safari hii nitavitoa kwenye zile 350,000 za mwezi.

Jumla kuu ni 4,383,800, na benki zitabaki 2,416,200. Wavulana nimewaambia watalala sebuleni. Mdogo aliuliza kama bibi anakuja na yale maembe ya Korogwe. Chumba chao kitafuata, msingi baada ya masika, na ile grili ya dirisha nimeshaitafutia mahali stoo.

Kuhusu kibali nimekwenda leo mchana, nimepewa orodha ya wanavyovitaka. Nikianza kuchimba nitarudi na picha, hasa ya ule muungano wa ukuta. Mzee wa Tandika, naomba usiache kuuangalia.