Buku ana mfuko: ni jamii ya kangaruu?

skuli_kusini
Assalaam alaykum. Tunatayarisha somo la wanyama wa Jozani na maweni ya kusini Unguja. Wazee wa shehia wanasema buku "ana mfuko", na mwanafunzi mmoja akakata shauri kuwa basi ni jamii ya kangaruu. Nataka ushahidi wa kushikika, si "kitabu kimesema". Na majina ya wazee tuyakusanye vipi bila kuwatia maneno mdomoni?

fuvu_na_meno
Waalaykum salaam, mwalimu. Wazee wamesema kweli, ila mfuko wa buku uko mashavuni. Ni vifuko viwili vya kubebea chakula mpaka shimoni. Mtoto haingii humo. Huyo ni panya, mkubwa tu, kiasi cha kilo moja, ncha ya mkia nyeupe. Ndio hao wanaofunzwa Morogoro kunusa mabomu ya ardhini.

Na mfuko wenyewe ni alama dhaifu. Marsupiali, yaani jamii ya kangaruu, ni zaidi ya spishi 330, na wengi wa wale wadogo wa Amerika ya Kusini hawana mfuko kabisa. Vitoto vinaning'inia kwenye chuchu hivi hivi. Kinachowatenga ni uzazi. Oposumu, marsupiali wa Marekani, hubeba mimba siku 12 au 13, kitoto kikatoka kidogo kama nyuki, kisha kikamalizia kukua kwenye chuchu. Buku hukaa na mimba karibu mwezi mzima.

Ushahidi wa mkononi ni fuvu. Buku ana meno mawili ya mbele juu na mawili chini, hana chonge, halafu pengo refu mpaka magego. Oposumu ana meno 50, chonge zikiwemo. Tazama pia taya ya chini kwa nyuma: kwa karibu marsupiali wote ile pembe imekunjika kuelekea ndani, koala ni miongoni mwa wachache wasio nayo. Mifupa kamili ikipatikana, marsupiali ana vijiti viwili vya mfupa vinavyochomoza mbele ya nyonga, dume na jike. Buku hana.

Mkiokota buku aliyekufa, vaeni glavu, kichwa kiloweke ndani ya ndoo yenye kifuniko, mbadilishe maji kila baada ya siku chache mpaka nyama iachie. Maji myamwage kupitia chujio, maana meno huchomoka. Msichemshe kwa moto mkali, mfupa mwembamba hupasuka. Na jiki msitie kabisa: inakula mfupa, baada ya miezi unabaki na unga.

mtu_wa_ngezi
Naongeza moja. Afrika leo haina marsupiali wa porini hata mmoja, si msitu wa Ngezi kule Pemba, si Jozani. Waliingia Australia wakitokea Amerika ya Kusini kwa kupitia Antaktika, mabara hayo yakiwa bado yameungana. Afrika ilikwisha kujitenga.

Ila huyo mwanafunzi asichekwe. Wakalamu wa nyanda za juu za Papua Guinea Mpya wana neno *kmn*, linalokusanya marsupiali wa mitini pamoja na panya wakubwa wa msituni. Panya wa majumbani ni *kopyak*, fungu jingine kabisa, hawaliwi. Saem Majnep, Mkalamu mwenyewe, aliyaeleza haya kwa miaka akiwa na mwanaanthropolojia Ralph Bulmer. Kigezo chao ni mnyama anapatikana wapi na analiwa au haliwi. Tumbo la uzazi halimo. Kwa hiyo ukiulizwa "buku ni nani", kwanza uliza: kwa hesabu ya nani?

daftari_la_msitu
Kuhusu majina: picha ziwe za mwisho. Anza na swali la wazi, "wanyama gani wamo humu?", uandike kwa mfuatano anaoutaja mzee mwenyewe. Halafu kwa kila jina: analala wapi, anakula nini, anatoka saa ngapi, kinyesi chake kikoje. Hapo ndipo paa nunga anapotengana na paa wengine, na sange na kirukanjia. Mhoji kila mzee peke yake. Barazani wa kwanza akisema "komba", wote komba. Jina liandikwe kama lilivyotamkwa, na kijiji pembeni, kwani Makunduchi ya Unguja na Micheweni ya Pemba hawasemi sawa.

Kwenye picha tia mtego: mnyama mmoja asiyekuwepo Zanzibar. Kuskusi, marsupiali wa Guinea Mpya, anafaa sana, macho makubwa, mkia wa kukamatia, usiku mitini. Wazee wengi wakimwita komba, ujue picha zako zinavuna makisio, usizihesabu.

skuli_kusini
Ahsanteni. Huyo kuskusi wa mtego si tutakuwa tunawahadaa wazee?

daftari_la_msitu
Waambie mwanzo kuwa baadhi ya picha ni za wanyama wasio wa hapa, na "simjui" ni jibu zuri. Na kila picha itie kipimo, hata nazi pembeni. Bila kipimo sange na kirukanjia hutoka sawa kwenye karatasi, na kosa hilo litakuwa lenu.