Ushauri: mwigizaji wetu mkuu kateguka kifundo, onyesho ni wiki ijayo

Pazia Jekundu (mleta uzi): Wakuu, nipo Uingereza, nasimamia jukwaa la kikundi cha ridhaa. Dada aliyeshika nafasi kuu kateguka kifundo cha mguu mazoezini, na tunafungua Ijumaa ya wiki ijayo. Kwenye kundi la wachezaji kuna binti anajua nyimbo zote. Nimpe nafasi au tuahirishe? Nina presha, msaada wa haraka.

Bi Mkasi: Mpe pole. Afya kwanza, maonyesho yapo tu. Asipandishwe jukwaani kwa dawa za maumivu eti tiketi zimeuzwa.

Fundi Papi: Mnacheza densi gani, na sakafu ni ya nini?

Pazia Jekundu: Densi ya tap, ile ya viatu vyenye vibati vya kulia chini ya soli. Sakafu ya kawaida tu ya ukumbi.

Fundi Papi: Kawaida ndiyo nini? Mbao au zege?

Pazia Jekundu: Zege lenye vigae. Ila tumetandika hadibodi ya mm 6, na mwalimu wa densi anasema mlio ni mzuri. Plaiwudi ni ghali. Halafu jina la binti nimeshalipeleka kwa mchapaji.

Fundi Papi: Kumbe umeshaamua, unatafuta wa kukuunga mkono. Hadibodi juu ya zege inabadilisha mlio tu, haimezi kishindo. Kishindo kinarudi kwenye muundi na kifundo, na huyo mbadala naye atafuata. Kwa jukwaa la mita 7.32 kwa 4.88: laza papi (mbao nyembamba) kila sm 40, chini yake vipande vya sponji ngumu. Juu plaiwudi ya mm 12, tabaka mbili, karatasi 12 kila tabaka (za mita 1.22 kwa 2.44). Tabaka la pili lisogeze nusu karatasi ili viungo visikutane. Hadibodi yako ije juu kabisa. Vichwa vya skrubu vizame. Kimoja kikichomoza kinadaka kibati cha kiatu na mtu anaanguka kifudifudi.

Mzee wa Reli: Ngojeni kwanza. Nyota kaumia kifundo, binti wa kundi anaingia dakika za mwisho? Hiyo si 42nd Street, filamu ya Warner Bros. ya 1933? Dorothy Brock anaumia, Peggy Sawyer anashika nafasi, mwongozaji Julian Marsh anamkamua mazoezi mpaka karibu na pazia kufunguliwa. Mleta uzi, hii chai, stori ya kutunga. Bado utuletee na yule tajiri wa magari ya watoto anayefadhili onyesho kwenye filamu.

Kitumbua: Chai ya maziwa kabisa, nasubiri kikombe.

Pazia Jekundu: Jamani, tunachopandisha ndiyo hiyo hiyo 42nd Street, toleo la jukwaani la 1980. Sikutaja maana nilijua mtacheka.

Mzee wa Reli: Haya, chai yenye leseni. Basi itazame vizuri: nafasi ilipelekwa kwanza kwa mchezaji mwenzake Annie, aliyechezwa na Ginger Rogers, naye akakataa na kusema apewe Peggy. Waulize wachezaji wenyewe nani ataibeba. Kujua nyimbo peke yake hakutoshi.

Taa ya Pembeni: Na msijaribu kumuiga Busby Berkeley, mtunga densi wa filamu hiyo. Yale maua yanayoundwa na miguu ya wachezaji aliyapiga kamera ikiwa juu. Mtu wa safu ya tatu ataona vichogo tu. Kinachohamia vizuri jukwaani ni ile picha ya mwisho wa filamu: wachezaji wanapanda ngazi wamewapa watazamaji mgongo, wanageuka na maghorofa ya kadibodi mikononi, New York inasimama. Kadibodi iwe ngumu, mshikio nyuma, rangi isiyong'aa, upana usizidi mabega, la sivyo watagongana wakipanda. Na ule ufunguzi wa toleo la jukwaani, pazia linapoinuka kidogo na kuonyesha miguu tu, asiyejua hatua hana pa kujificha.

Pazia Jekundu: Nikimpunguzia binti hatua, kuna tatizo?

Fundi Papi: Hatua alizotunga mwalimu wenu, punguza. Wimbo wala mstari usikate bila ruhusa ya maandishi ya waliowapa leseni ya onyesho. Sakafu je?

Pazia Jekundu: Mwenye ukumbi hataki skrubu.

Fundi Papi: Nani kakwambia utoboe vigae? Skrubu zinaishia kwenye papi, sakafu yote inaelea. Nitumie vipimo vya mlango, karatasi zisije zikagoma kuingia.