Mrejesho: pikipiki ya kwanza, nimechukua cc 125

Wakuu, niliuliza kama asiyejua kuendesha aanze na Boxer 150 ya mjomba au atafute yenye injini ndogo zaidi, cc 125. Nimechukua TVS HLX 125, na ahsanteni sana. Kilichoamua ni miguu: ile ya mjomba imenyanyuliwa shokapu za nyuma kwa ajili ya magunia ya korosho, nikiikalia nagusa chini kwa ncha za vidole vya miguu tu. Hii nakanyaga nyayo zote.

Wiki ya kwanza ilinizimikia hovyo, klachi naiachia ghafla. Sasa Mtwara mjini hadi Mikindani nafika vizuri. Kwenye mchanga bado: breki ya mbele ukiishika tu, tairi linateleza. Abiria sijapakia, hata mama nimemwomba asubiri.