Tupeane uzoefu: simu yako iliondokaje, na siku hizi unaishikaje ukiwa barabarani?

Mtu wa Kimara
Wakuu habari za jioni. Leo Magomeni Mapipa taa zimetushika, boda ikapita pembeni ya bajaji iliyokuwa mbele yetu. Dada wa watu alikuwa anaongea na simu, kiwiko kiko nje. Aliyepakiwa nyuma kanyoosha mkono tu, wameishia. Dada kabaki kashika sikio. Vishandu wamezidi au ni macho yangu? Mwenye kisa akimwage hapa, na mbinu zake pia.

Kitochi Daima
Mimi barabarani natembea na kiswaswadu. Simu janja inalinda nyumba.

Binti Tandika
Na ukitaka kumtumia mtu hela?

Kitochi Daima
Kitochi kinatuma hela vizuri tu. Umezaliwa mwaka gani wewe?

Mama Pili
Ngoja nikae vizuri. Daladala ya Gongo la Mboto, foleni ya Buguruni, joto lile mnalijua, dirisha halifungiki. Nilikuwa mweka hazina wa kamati ya harusi ya mdogo wangu, kwa hiyo simu haitoki mkononi: huyu katuma elfu hamsini, huyu anaahidi mwisho wa mwezi, naandika. Mara mkono mtupu. Napiga kelele, konda ananiambia, "Mama tulia, huyo keshafika Malapa." Abiria wengine ndiyo kwanza wanafunga vioo vyao.

Nikadhani hasara ni simu. Kumbe imechukuliwa ikiwa wazi, katikati ya meseji! Haikupita nusu saa, kwenye kundi la kamati likaingia tangazo, na picha yangu pembeni nimevaa kitenge: "Wapendwa, laini yangu inasumbua, michango tumeni namba hii, jina litakuja la kaka yangu. Mbarikiwe." Mwizi ana adabu kunishinda mimi. Kila anayetuma anajibiwa, "Asante sana mpendwa, tumepokea," na kwenye orodha anawekewa tiki. Baba mdogo aliyetukwepa tangu kamati inaanza, siku hiyo ndiyo akaguswa moyo. Laki mbili, kwa mkupuo!

Mimi niko dukani kwa watu wa mtandao, namba ya NIDA, vidole, foleni. Laini ya zamani ikafungwa, na yule bwana bado anachati, maana WhatsApp ikishawashwa inakula intaneti yoyote. Hadi nilipopewa laini mpya ya namba ileile, nikaazima simu ya dada niliyekaa naye kwenye benchi, nikaifungua WhatsApp humo, zikaja zile tarakimu sita. Hapo ndipo akatupwa nje.

Mkwe Mtarajiwa
Sasa harusi ilifungwa?

Mama Pili
Ilifungwa. Baba mdogo hadi leo anasema deni lake kalimaliza, tiki yake anayo.

Mzee wa Hoja
Na ana haki. Tangazo limetoka kwenye simu ya mweka hazina. Mweka hazina afidie.

Binti Tandika
Afidie nini, mtu kaporwa? Angepiga simu kwanza kabla ya kutuma laki mbili.

Mzee wa Hoja
Amepiga wapi, laini si inasumbua? Na nani kawaambia mkae dirishani na simu. Mnawapa wenyewe.

Binti Tandika
Panda wewe Buguruni saa nane mchana vioo vimefungwa, tukuzike.

Mtu wa Kimara
Jamani turudi kwenye mada.

Mkwe Mtarajiwa
Mada ndiyo hii. Baba mdogo alikula pilau au hakula?

Fundi Aggrey
Ukiporwa, boda huikamati. Azima simu ya jirani, piga 100 kwa mtandao wako, laini ifungwe pamoja na akaunti yako ya pesa. Leo hii bonyeza *#06#, ile namba ya IMEI andika kwenye daftari, polisi watakuuliza. Weka namba ya siri kwenye laini yenyewe, siyo skrini tu. Mtu akikosea mara tatu inadai PUK, ile namba ndefu ya kufungulia laini. Na wenye Android 10 kwenda juu, tangu 2024 Google wameongeza kitu: simu ikihisi imekwapuliwa na mtu anakimbia nayo, skrini inajifunga. Mama Pili hiyo ingekufaa. Kaitafuteni kwenye mipangilio muiwashe.

Kaka Mbeya
Ya namba ya siri ya laini msimfundishe mzazi. Mama yangu kaisahau, PUK kabahatisha hadi laini ikafa kabisa.

Wa Nairobi
Poleni sana. Huku ni dirisha la matatu, hadithi ni moja. Mimi huiweka kwa soksi.

Kitochi Daima
Na ikiita?

Wa Nairobi
Inaita tu.

Mpangaji Sugu
Mimi naibiwa kwa meseji. "Mimi mwenye nyumba wako, ile kodi nitumie kwenye namba hii." Nikamjibu nyumba ni yangu. Akaniambia, "Basi nikopeshe kidogo."

Fundi Aggrey
Meseji hizo za matapeli zitumeni 15040, ndiyo namba ya kuwaripoti. Na *106# mkaangalie laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako.

Mpangaji Sugu
Nimeangalia sasa hivi. Kuna moja siijui!!

Mama Swaumu
Mbona hamsemi kuchajia chini ya mto? Shuka la mwanangu lina duara jeusi, na godoro limeyeyuka upana wa kisahani.

Fundi Aggrey
Chaja ya elfu tatu hiyo.

Mama Swaumu
Elfu mbili mia tano.

Bei Poa
Samahani kuingilia. Nauza simu, safi kabisa, kioo hakina mkwaruzo. Haina boksi wala chaja. Nipo Buguruni.

Mkwe Mtarajiwa
Mama Pili njoo huku.

Mama Pili
Muulizeni kama ina picha za kitenge.