Mjadala: Laini kubwa ya shingoni bila altrasaundi ipigwe marufuku?

Zamu ya Usiku, Mwanza: Wakuu, jana tumebishana mpaka chai ikapoa. Mwenzetu anataka hospitali zote za Kanda ya Ziwa zipige marufuku kuweka laini ya shingoni, yaani mrija wa dawa unaoingizwa kwenye mshipa mkubwa wa shingo, bila altrasaundi. Mimi nakubali nusu. Uingereza walishauri itumike kwenye vena ya jugula, mshipa huo mkubwa wa shingo, tangu 2002, kwa sababu ateri ya karotidi, inayopeleka damu kichwani, iko jirani mno, na kuna shingo ambazo vena imeilalia kabisa. Vidole havilioni hilo. Ukibonyeza kidogo probu, kile kichwa cha mashine kinachogusa ngozi, vena inabonyea. Ateri inabaki duara, inadunda.

Sasa nusu ninayoikataa: mashine haimsaidii asiyejua ncha iko wapi. Kosa hili nimelifanya mwenyewe. Kwenye skrini kitone cheupe kinang'aa katikati ya vena, unasukuma ukidhani ni ncha. Kumbe ni kiwiliwili cha sindano, ncha imeshatoboa ukuta wa nyuma! Telezesha probu mbele mpaka kitone kipotee, sukuma sindano kidogo mpaka kirudi, telezesha tena. Ndivyo unavyoifuata ncha.

Mkongwe: Vijana, sisi tumechoma kwa vidole na rangi ya damu miaka mingi. Na mgonjwa aliyeko Ukerewe, asubiri kivuko?

Zamu ya Usiku: Shikamoo mzee. Wa Ukerewe aanzishiwe dawa ya kupandisha presha kwenye mshipa mzuri wa mkono, kwa muda, huku mkiukagua mara kwa mara dawa isivuje. Shingo isubiri. Rangi ya damu ndiyo inayoniogopesha: presha ikishuka na oksijeni ikiwa chini, hata damu ya ateri hutoka nyeusi, tena bila kuruka. Waya wa kuongozea mrija ukishapita kwenye sindano, ufuate kwa probu kuelekea kifuani, uuone ndani ya vena, ndipo upanue tundu kwa kipanuzi, kile kijiti kinene, mrija upate kupita. Tundu la sindano kwenye ateri mara nyingi utalibana likanyamaza. La kipanuzi linaweza kutaka daktari wa upasuaji.

Mkongwe: Marahaba. Hilo la waya nakupa.

Nesi wa Mahututi: Mnabishania marufuku, na mashine kwetu imefungiwa chumba cha mionzi. Saa 8 usiku mwenye ufunguo amelala Buhongwa. Juzi tumempigia mara nne.

Zamu ya Usiku: Dada, alipokea?

Nesi wa Mahututi: Asubuhi.